Saba, Tano, Kumi: Mjadala wa Nia Ufuoni Sori

Wanafikra wa Kibuddha walipoanza kuichambua akili hawakutafuta makao ya roho. Waliuliza hivi: kila mtu anapofahamu kitu, iwe mngurumo wa injini, maumivu ya jino au wazo lililopita, ni mambo gani lazima yawepo pamoja na kule kufahamu, hata likikosekana moja tu pasiwe na kinachofahamika? Mapokeo ya Theravada, yaliyohifadhiwa kwa lugha ya Kipali huko Sri Lanka na Myanmar, yanajibu kuwa ni saba. Kwa Kiswahili nitayaita mguso, hisia, utambuzi, nia, kutulia penye kimoja, uhai wa akili, na mazingatio. Shule nyingine za Kibuddha zilihesabu vingine. Ugomvi wao wa hesabu ndio ulionivuta kuandika, kwa sababu naona unatuhusu sana sisi watu wa ziwani.

Sauti mbili zinazofuata nimezitunga. Mpwa ni muuguzi katika kaunti ya Homa Bay. Alisomea Kampala, na huko akazoea kwenda Uganda Buddhist Centre, karibu na Entebbe, kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Mjomba ni mwalimu mstaafu wa Karungu, kaunti ya Migori, Msabato wa kuzaliwa, na mjumbe wa kamati ya usimamizi wa ufuo. Wamekaa Sori saa za jioni, mashua za omena, yaani dagaa, zikipakiwa taa. Kwa Wajaluo mtoto wa dada ana uhuru wa kumwambia mjomba wake mambo ambayo asingethubutu kumwambia baba, na uhuru huo nimeutumia wote. Marehemu Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alipokuwa akiwahoji wazee wenye busara, aliwatenga wanaojua mila na wanaoweza kuzihoji mila zenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1990 kinasimama juu ya tofauti hiyo. Mjomba huyu nimemtaka awe wa kundi la pili.

MJOMBA: Umesema saba. Kabla sijakuuliza kila moja ni nini, niambie walihesabu vipi. Anayehesabu visivyoonekana lazima anionyeshe kipimo chake.

MPWA: Kipimo chao ni kuondoa, Mjomba. Unachukua jambo, tuseme furaha, unauliza kama akili inaweza kufahamu bila hilo. Inaweza. Mgonjwa wangu aliyevunjika mguu anafahamu vizuri sana na furaha hana. Basi furaha haimo. Hasira inaweza kukosekana, imani vilevile. Theravada wana orodha ya mambo 52 yanayoandamana na akili kwa nyakati tofauti. Ukiyapitisha yote kwenye swali hilo, unabaki na saba ambayo ukitoa mojawapo, kufahamu kwenyewe kunakwisha.

MJOMBA: Nipe moja nilijaribu.

MPWA: Mguso. Si wa ngozi peke yake. Jicho likutane na rangi, kuona kutokee. Kukutana kwa hivyo vitatu ndiko wanakokuita mguso. Bila huo hakuna kilichofika. Kisha akili ikigeukie kilichofika, hayo ndiyo mazingatio. Ikiwekee alama ya kukijua tena, huo ni utambuzi. Ikionje kama kitamu au kichungu au cha katikati, hiyo ni hisia.

MJOMBA: Ngoja hapo kwenye hisia. Nikitazama ule ukuta wa duka sihisi chochote.

MPWA: Hiyo ndiyo ya katikati. Kila asubuhi nazunguka wodini nikiuliza, maumivu ni ngapi kuanzia sifuri hadi kumi? Wapo wanaosema sifuri, na mtu anayesema sifuri amejitazama akakuta kitu cha kuripoti.

MJOMBA: Hapana, nyathina, mwanangu. Sifuri kwenye karatasi yako maana yake maumivu hayapo. Umechukua utupu ukauandika kwenye daftari kama mali.

MPWA: Ingekuwa utupu usingemsukuma mtu. Mtazame mlinzi wa usiku. Haumwi, hafurahi, ameketi katika hiyo ya katikati saa nzima, na mkono wake unatafuta simu mfukoni bila yeye kuamua. Kitu kimemsukuma. Wabuddha wanasema tamu tunaing'ang'ania, chungu tunaifukuza, na ya katikati tunaipuuza. Nako kuipuuza ni tabia, ina mazao yake.

MJOMBA: Haya, hisia nimekuachia kwa sasa. Lakini hili la kutulia penye kimoja nalikataa wazi. Nenda Migori mjini uwatazame vijana wa boda boda. Simu imebanwa ndani ya kofia, abiria wawili nyuma, gunia juu ya tangi, lori la miwa linakuja. Akili ya kijana huyo imetulia penye kimoja?

MPWA: Vijana hao ndio walionifanya nikubali, kwa sababu nawapokea wakiwa wamevunjika. Mimi pia nilidhani neno hilo ni utulivu wa mtawa. Utulivu wa mtawa ni jambo hilohilo lililokuzwa kwa mazoezi ya miaka. Hili la kwenye orodha ni la chini kabisa: katika kila punje ya wakati akili inashika kitu kimoja tu. Kijana huyo hashiki simu na barabara kwa pamoja, ingawa mwenyewe anaapa kwamba anavishika. Anashika simu, anaiacha, anashika barabara, anarudi kwenye simu, haraka kiasi cha kuona ni kitu kimoja. Lile lori lilifika wakati akili iko upande wa simu.

MJOMBA: Basi kutulia kwenu ni jina jingine la ufinyu.

MPWA: Ufinyu, naam. Sioni ubaya wa kuuita hivyo.

Naongeza jambo hapa kwa haraka. Wafafanuzi wa Theravada walifika mbali wakasema chembe moja ya vitu vya nje hudumu muda wa punje 17 za akili. Hiyo ni namba ya mapokeo, wala sioni kipimo ambacho kingeithibitisha. Hoja ya msingi haihitaji namba hiyo. Inahitaji tu kukubali kwamba tunachokiita "wakati ule" ni vipande vingi, na kila kipande kina mambo yake. Kukubali huko kutatozwa bei baadaye, tukifika kwenye mabeseni.

MJOMBA: Nikupeleke sasa kwako hospitalini. Mtu ametiwa dawa ya usingizi, yuko mezani, tumbo limefunguliwa. Mguso wake uko wapi? Mazingatio yako wapi?

MPWA: Theravada wanasema kuna mkondo wa chini unaoziba mapengo kati ya fikra na fikra, unaoendelea hata katika usingizi mzito. Huo nao ni akili, kwa hiyo una yote saba. Kitu unachokishika si cha chumbani mle. Ni kile cha mwisho kilichoshikwa na akili ya maisha yaliyotangulia haya.

MJOMBA: Hapo mmelijaza giza vitu mnavyovitaka. Nani atakwenda kuvihakiki?

MPWA: Hakuna. Nakubali. Kituoni tulipofika hapo nilinyamaza, na sijasikia jibu la kuniridhisha hadi leo.

Nadhani mjomba ameshinda pigo hilo, ila ni haki kueleza kwamba Wabuddha wenyewe walijipiga nalo mapema mno, karne nyingi kabla ya etha, dawa ya usingizi, kuonyeshwa hadharani Boston mwaka 1846. Maandiko yao yanataja hali ya kutafakari ambamo utambuzi na hisia hukoma kabisa, hata kwa siku kadhaa. Kuna mazungumzo marefu katika Kipali kati ya watawa wawili, Sariputta na Kotthita, ambamo mmoja anauliza aliye katika hali hiyo ana tofauti gani na maiti. Jibu linataja uhai uliobaki na joto la mwili lisilozimika, na muuguzi yeyote wa zamu ya usiku angelielewa. Swali lililofuata likazigawanya shule: ikiwa akili ilikatika yote, inarudi kutoka wapi? Theravada walikubali kukatika. Wanafikra wa Yogachara, Asanga na Vasubandhu wakiwa mbele yao, wakasema kuna ufahamu wa akiba chini kabisa usiokatika, na wakaupa wenzi watano badala ya saba: mguso, mazingatio, hisia, utambuzi, nia. Kutulia penye kimoja wakakutoa, maana kwao si kila akili imetulia. Mjomba angewapenda kwa hilo.

MJOMBA: Ninachotaka kujua ni kama kweli haya ni saba, au ni kitu kimoja mlichokipa majina saba.

MPWA: Mfalme mmoja wa Kigiriki aliyetawala pande za Punjab, Menander, wao wanamwita Milinda, anasimuliwa akibishana na mtawa Nagasena kuhusu jambo hilo. Nagasena akasema kuyatenganisha ni kama mtu aende baharini kwa mashua, achote maji kwa kiganja, ayaonje, aseme haya ni ya mto Ganga, haya ni ya Yamuna. Mimi nilipoisoma niliuona mto wetu Kuja, ulivyochanganyika na Migori kabla ya kuingia ziwani kule Nyatike. Nani atachota maji hapa Sori aseme tone hili limeshuka na udongo wa Kisii?

MJOMBA: Mfano huo unamgeukia mtawa wako. Kuja ulikuwa mto peke yake kabla ya kukutana na Migori. Nimevuka yote miwili, kila mmoja kwa daraja lake. Sasa nionyeshe mahali ambapo hisia ilitiririka peke yake kabla ya kukutana na utambuzi. Hapapo. Umesema mwenyewe havitengani hata punje moja. Vitu visivyowahi kutengana umejuaje ni vingi?

MPWA: Kwa sababu vinapanda na kushuka kila kimoja kwa njia yake. Namchoma mtoto sindano, maumivu ni yaleyale, lakini safari ya pili utambuzi umeongezeka. Ameiona sindano akaanza kulia kabla haijamgusa. Mgonjwa mwingine namgeuza mazingatio kwa kumuuliza habari za nyumbani, na maumivu yanashuka kutoka nane hadi sita, dawa haijaingia. Vingekuwa kitu kimoja, vingeongezeka na kupungua pamoja.

MJOMBA: Hilo ni jibu la mtu wa kazi. Limepita.

Baada ya hapo mjadala ukaingia kwenye jambo linalowasumbua watu wa dini wote wanaokutana na orodha hii. Haina mwenyewe. Mna mguso ndani yake, na hamna mguswaji.

MJOMBA: Mambo saba yamekaa baraza, na mwenye nyumba hayupo. Nani anahisi? Nani ananuia?

MPWA: Mjomba, kati ya Wakristo wote wa Nyanza Kusini wewe ndiye nisingetarajia aulize hivyo. Arthur Carscallen na Peter Nyambo walipofika Gendia, karibu na Kendu Bay, Novemba 1906, walileta fundisho ambalo makanisa mengine hayakulipenda. Mtu hana roho isiyokufa inayotoka mwilini na kwenda zake. Ni mavumbi na pumzi. Pumzi ikitoka hakuna anayejua kitu mpaka ufufuo. Uliniambia hayo mwenyewe nikiwa mdogo, nilipokuwa naogopa kupita makaburini.

MJOMBA: Nilikuambia, na bado nasema. Mavumbi na pumzi vikikutana, mtu hai yupo. Vikiachana, hayupo.

MPWA: Basi wewe nawe huna mwenye nyumba aliyeketi ndani. Una vitu vilivyokutana.

MJOMBA: Ninaye anayenikumbuka. Hiyo ndiyo tofauti, na usiipite mbio. Nikilala kaburini sijijui, ila Mungu ananijua, na ataniita kwa jina langu. Kwenu nyinyi jina halina wa kulitunza. Punje inazaa punje, ile iliyopita imekwenda. Mzazi aliyemzika mtoto utamwambia nini? Kwamba kulikuwa na mguso na hisia, sasa zimeisha?

MPWA: Singemwambia hivyo, na hakuna mtawa mwenye akili timamu atakayemwambia hivyo msibani. Lakini nikuulize. Wewe ulipewa jina la babu aliyemtokea nyanya ndotoni. Nini kilivuka kutoka kwake kuja kwako?

MJOMBA: Jina, na wajibu wa kulibeba vizuri. Roho haikuvuka. Hilo nalikataa kwa imani yangu, japo mama yangu hakulikataa.

MPWA: Wao wanasema jambo la namna hiyo kuhusu kuzaliwa upya. Hakuna kitu kinachovuka. Kinachovuka ni sababu: kilichonuiwa kinaacha kazi, na kazi hiyo inaangukia mwingine ambaye si mgeni kabisa wala si yuleyule.

MJOMBA: Kazi bila wa kuikumbuka, mimi naona ni ukiwa. Sikubishii kwamba inawezekana.

Sidhani pengo hili lina daraja. Mjomba akiamini kuna anayemkumbuka, orodha ya mambo saba haitamtosha kamwe, na mpwa akisoma orodha hiyo miaka kumi haitampa wa kumkumbuka. Naliacha hapo, kwa kuwa jambo lililofuata halikungoja imani ya mmoja wao ishinde.

MJOMBA: Uliitaja nia. Umesema iko katika kila punje ya wakati. Mimi nakaa kwenye kamati ya ufuo huu. Alfajiri mashua zinarudi, wanawake wamesimama majini hadi magotini na mabeseni matupu, na mashua ni chache kuliko mabeseni. Unajua jaboya.

MPWA: Najua. Nakutana nao kliniki.

MJOMBA: Basi wasemee wasomaji wa orodha yako, wale wa mbali. Mvuvi anamhakikishia mchuuzi samaki, na malipo ni mwili. Asipokubali anarudi nyumbani na beseni lilivyo. Huyo mama, akimfuata yule mwanamume nyuma ya banda, orodha yako inasema nia ilikuwepo. Katika kila hatua. Na Buddha wenu alisema nia ndiyo tendo lenyewe. Kwa hiyo umemhukumu. Ndiyo maana siipendi. Imetungwa na watu waliokuwa na bakuli la kuombea, na wengine wakawajazia chakula.

MPWA: Acha nijibu polepole, kwa sababu swali hili nimelibeba kutoka kliniki. Nia ya kwenye orodha si ile ya polisi. Ni nguvu inayoyakusanya yale mengine na kuyaelekeza upande mmoja, kama ni kushika, kama ni kukimbia. Mtoto mchanga anayenyonya anayo. Ng'ombe anayo. Haya saba hayana wema wala ubaya. Mwizi anayo, na aliyeibiwa anayo wakati uleule. Ubaya unaingia na mizizi yake, ambayo wao wanaitaja kuwa ni tamaa, chuki na ujinga, na mizizi hiyo haimo katika saba. Sasa mtazame yule mama. Punje moja ni woga. Punje nyingine ni karo ya mtoto. Nyingine ni baridi ya maji miguuni. Nyingine ni chuki, labda. Nia imo katika zote, na katika nyingi mno ya hizo hakuna tamaa hata kidogo. Dunia inataka neno moja tu, alikubali au hakukubali, kwa jambo lililokuwa na vipande elfu. Orodha hii ndiyo ya kwanza niliyokutana nayo isiyomlazimisha kutoa neno moja.

MJOMBA: Na yule mwanamume? Naye atakuja mbele ya kamati aseme, wazee, wakati wangu ulikuwa vipande elfu.

MPWA: Aseme. Vipande vyake tutavitazama hivyohivyo. Yeye anapenda kusema hakuwepo, ilikuwa pombe, ilikuwa desturi ya ufuo, kila mtu anafanya. Mambo saba yanamnyima maficho hayo, kwa sababu hakuna hata punje moja ya usiku ule ambayo nia yake haikuwemo. Halafu Theravada wanaongeza jambo. Kila akili mbaya, haidhuru ni ya aina gani, ina mengine manne yasiyokosekana: ujinga, kutoona haya, kutoliogopa kosa, na kutotulia. Manne hayo yeye alikuwa nayo. Mama hatujui.

MJOMBA: Nasikia kuna waliohesabu kumi.

MPWA: Sarvastivada, shule iliyostawi Kashmir na Gandhara. Vasubandhu alieleza mfumo wao kabla ya kuhusishwa na Yogachara. Katika kumi yao kuna mguso, hisia, utambuzi, nia na mazingatio, halafu utashi, kuamua, kukumbuka, kutulia, na hekima. Hekima wanaimaanisha katika kiwango cha chini kabisa, uwezo wa kupambanua hiki na kile, uwe mdogo namna gani. Kwao hakuna akili isiyokuwa nayo.

MJOMBA: Mimi nachukua kumi.

MPWA: Kwa nini?

MJOMBA: Kwa sababu nimekuwa mwalimu. Yule mvuvi, hata katika saa yake mbaya, anakumbuka kwamba huyu ni mke wa jirani, mama wa watoto waliosoma na wake. Anapambanua. Anajua. Kama katika saa hiyo hana ndani yake hata chembe ya kukumbuka na kupambanua, kamati inamwita kumwambia nini? Utakuwa umemwita jiwe. Kwa saba zako mwanamume huyo ana giza tupu, na mimi sijawahi kumfundisha mtu mwenye giza tupu.

MPWA: Kumjua mke wa jirani kunafanywa na utambuzi, na utambuzi umo katika saba. Anamtambua vizuri sana, ndivyo anavyojua yupi hana mume wa kumtetea. Kukumbuka wanakokukataa Theravada ni kule kunakomzuia mtu, kunakomsimamisha akajiona. Huko wanakuweka katika akili njema peke yake. Na nadhani wako sahihi, Mjomba. Kama hekima imo katika kila punje, mbona ufuo huu umekuwa hivi miaka yote hii? Ilikuwa inafanya nini humo ndani? Wewe unamheshimu kwa kusema anayo. Mimi namtazama kama mtu ambaye hana, na ambaye inabidi aletewe.

MJOMBA: Aletewe na nani, kama ndani hamna wa kupokea?

MPWA: Mazingatio yapo, na hayo ni ya saba, hayatoki hata kwa mwovu. Yanaweza kugeuzwa. Katika mazungumzo yaleyale ya Sariputta na Kotthita linaulizwa swali hilo, mtazamo sahihi unazaliwa na nini, na jibu linataja sababu mbili: sauti ya mtu mwingine, na kuzingatia kwa namna ifaayo. Umeuliza aletewe na nani. Jirani anaingia kwa mlango huo.

Nami niseme ninaposimama. Kwa muda mrefu nilielekea upande wa kumi, kwa sababu ileile ya mjomba: inamwachia kila mtu heshima ya kuwa na kitu kizuri ndani. Sasa saba naziona zina ukweli mkali zaidi kuhusu maovu yanayofanyika kila alfajiri mbele ya watu wazima wengi wenye dini. Ukiamini dhamiri ya mwenye mashua iko macho daima, utamwachia dhamiri yake kazi yote, nawe uende nyumbani. Ukiamini haipo mpaka sauti iilete, utauliza sauti hiyo ni ya nani na imekatazwa na nani kusema. Mjomba hakubaliani nami, na sababu yake si dhaifu.

MJOMBA: Sauti ya mtu mwingine. Kwenye kamati wanaosema kwanza ni wenye mashua, halafu wavuvi. Wachuuzi wanasema mwisho, wakati watu wameanza kuinuka.

MPWA: Basi anza hapo.

MJOMBA: Nitaomba mpangilio ugeuzwe. Ila sitawaita wale wanaume mawe. Nitawaambia najua kwamba wanajua.

MPWA: Waambie. Na ikiwa akina mama watasema, na wanaume wasigeuke?

MJOMBA: Nawe ndiye uliyeniambia mazingatio yanageuzwa.

MPWA: Nilisema yanaweza kugeuzwa. Sikusema yatageuka kabla ya beseni la kesho kujaa. Kuna akina mama hapa wanaochanga kila wiki wanunue mashua yao wenyewe na nyavu. Wakiwa na mashua hawatasubiri punje ya akili ya mtu yeyote. Kamati inaweza kuwadhamini kwenye mkopo?

MJOMBA: Inaweza. Hatujawahi kuombwa.

MPWA: Waliomba mwaka jana, Mjomba. Walisema mwisho.